Sifa ya Mji wa Moshi: Reli, Kahawa na Viwanda

Wahariri wa kitabu hiki cha kumbukumbu wametuomba tuandike kurasa chache juu ya mji ambamo hekalu letu limesimama. Habari za waasisi wa hekalu zimeandikwa na wenzetu katika kurasa nyingine, tena kwa ufasaha kuliko ambavyo tungeweza sisi. Kwa hiyo tumechagua kuandika juu ya jina la mji. Kwa mfanyabiashara jina ni mali kama mali nyingine: hujengwa polepole, mtu huweza kukopeshwa kwa jina tu, na likichafuka hakuna bima inayolilipa.

Moshi ina majina mawili siku hizi. Mgeni ashukaye kituo cha mabasi husifu barabara zilizofagiliwa na mijakaranda inayochanua mwishoni mwa mwaka, na Watanzania wengi watakubaliana naye kwamba huu ni mji safi kupita mingine. Manispaa imetwaa tuzo za usafi mara nyingi. Lakini mgeni huyo huyo akikaa majuma mawili, akapita eneo la viwanda na kuona mageti yenye kutu na mabati yaliyotoboka, atasema: mji ni mzuri, ila umekufa. Neno hilo tumelisikia vikaoni na misibani, hata vinywani mwa watoto wetu wanaotupigia simu kutoka Leicester na Toronto. Tunaandika ili kulipima neno hilo, kama lina uzito au ni maganda matupu.

Kwanza jina lenyewe. Wapo wapendao mzaha kwamba mji unaitwa Moshi ilhali mabomba ya viwanda vyake hayatoi moshi. Mzaha huo ni wa watu wa pwani na bara nyingine. Wenye jina hawakuwa na habari ya mabomba. Moshi ilikuwa nchi ya Wachaga huko mlimani, iliyotawaliwa na Mangi Rindi na baada yake mwanawe, Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Boma la Wajerumani lilikuwa huko huko juu, mahali tunapopaita leo Old Moshi. Mji huu wa bondeni ni mdogo wake. Ulizaliwa na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika hapa mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliunganisha njia hiyo na ile ya Voi kwa kupitia Taveta, na Moshi ikawa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Mpaka reli iliposogezwa Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920, hapa ndipo palipokuwa mwisho wa njia, na kila mfanyabiashara anajua faida ya kukaa pale ambapo mzigo hauna budi kushushwa.

Wazee wetu walikuja kwa kuifuata reli hiyo. Walitoka Kathiawar na Kutch, wakavuka bahari hadi Mombasa na Tanga, kisha wakapanda bara wakiwa na mitumba ya nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe. Lugha ya Kiswahili ilipokea maneno kadhaa kutoka kwao, na mengine yana historia yenye uchungu kidogo. Gunia ni neno lililotoka India. Bepari pia: kwa Kigujarati ni mtu afanyaye biashara, basi, hapana tusi ndani yake. Sisi tuliokuwa wanafunzi katika miaka ya sabini tulilikuta neno hilo kwenye vitabu vya siasa likiwa na meno na makucha, na nyumbani tukamkuta baba akijiita kwa neno hilo hilo bila wasiwasi wowote. Tulijifunza mapema kwamba sifa ya mtu hutegemea nani anaitamka.

Lakini mji haukupata jina kwa maduka yetu. Ulipata jina kwa kahawa. Mapadre wa Kilema walileta mbuni mlimani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na Wachaga wakaupokea ndani ya kihamba, chini ya kivuli cha migomba, wakiunywesha maji ya mifereji waliyoichimba tangu enzi za mababu. Walowezi wa Kizungu hawakufurahi kuona Mwafrika akilima zao lile lile. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mkuu wa wilaya wa wakati huo, Charles Dundas, aliwaunga mkono. Kutokana na chama hicho ilitokea, mwaka 1933, KNCU, yaani Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro, ambacho kinahesabiwa miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya kwanza katika Afrika.

Ni haki tuseme wazi jambo ambalo wazee wetu walilisema kwa sauti ya chini. Ushirika uliwafungia wafanyabiashara binafsi mlango wa kununua kahawa kwa mkulima. Baadhi yao walinung'unika. Hata wakulima wenyewe hawakuwa na kauli moja. Mwaka 1937 kulizuka ghasia mlimani kupinga kulazimishwa kuuza kwa KNCU peke yake. Hata hivyo tukitazama nyuma leo, mfumo ule ulitunufaisha sote. Mkulima aliyelipwa vizuri alishuka mjini na fedha, akanunua mabati, saruji, cherehani, baiskeli, sare za shule. Duka la Mhindi wa Moshi lilisimama juu ya mbuni wa Mchaga, na aliyekataa kukiri hivyo hakuwa akisoma daftari lake mwenyewe.

Vijana waliokua baada ya hapo pengine hawajui jinsi kahawa ilivyouendesha mji mzima. Mkulima huchuma buni nyekundu, huzimenya kwa mashine ya mkono, huzivundika, huziosha na kuzianika kwenye vichanja. Zikikauka huzipeleka chama cha msingi, na kutoka huko malori huzileta kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa kilichoanzishwa hapa mjini katika miaka ya 1920. Hapo hukobolewa na kupangwa kwa madaraja, AA, A, B na kadhalika. Waonjaji hutema na kuandika. Kisha hupigwa mnada hapa hapa Moshi. Kahawa ya Mbinga, ya Mbozi, ya Kagera, yote ilikuja kuuzwa chini ya mlima huu. Hivyo hata mnunuzi wa Hamburg ambaye hajapata kuiona Kibo alilijua neno Moshi. Mafundi magari, wapishi wa hoteli, makarani wa benki, wauza magunia, washona nguo, wote waliishi kwa msimu mmoja. Malipo ya kahawa yalipotoka, sisi madukani tulijua kabla ya magazeti.

Viwanda vilikuja baadaye, na hapa ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwamba Moshi ulikuwa mji wa viwanda ukafa. Ukiacha kiwanda cha kahawa, vinu vya nafaka, mashine za mbao, na sukari ya TPC kule Arusha Chini iliyoanzishwa na Wadenmark mwaka 1930, sehemu kubwa ya viwanda vilivyotajwa sana ilizaliwa baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tulikuwa na kiwanda cha magunia, kiwanda cha ngozi, kiwanda cha viberiti, na kule Hai kiwanda cha zana za mashine kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. Kwa muda wa miaka kumi au kumi na mitano hivi mji ulikuwa na vijana wenye mishahara ya kila mwezi, wenye timu za mpira za viwanda vyao, na wenye kuoa kwa wakati. Tunawakumbuka. Walinunua redio kwa mkopo nao walilipa.

Viwanda hivyo viliwashwa na kahawa, ingawa watu hawaoni. Mtambo ulionunuliwa Ulaya ulihitaji kipuri kutoka Ulaya, kipuri kilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni za nchi hii zililetwa na mazao machache, kahawa ikiwa ya kwanza au karibu na ya kwanza. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda ajabu, na kila mmoja akadhani neema imekuja kukaa. Lakini mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo. Mashamba makubwa ya kahawa yalikuwa yametaifishwa tangu 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Ule mlango wa Taveta na Mombasa, uliotupa faida tangu vita vya Wajerumani, ukapigwa kufuli. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Kagera. Mkulima alilipwa kwa awamu, tena kwa kuchelewa, na sehemu aliyoipata ya bei ya mnada ikazidi kupungua. Kung'oa mbuni kulikatazwa, lakini hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu aupende. Aliuacha ukazeeka, chulebuni na kutu ya majani vikauvamia, naye akapanda nyanya na mahindi.

Ushirika uliporudishwa katika miaka ya themanini, mambo mengi yalikuwa yamekwisha haribika. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya tisini wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Viwanda navyo vilibinafsishwa, vingine vikageuka maghala, vingine vikabaki kuta. Treni ya abiria ilikoma. Kila kiwanda kina hadithi yake na walaumiwa wake, nasi hatupendi kurudia yasemwayo barazani. Ila la gunia tunalisema kwa sababu linatuuma. Mkonge ulikuwa wetu, wa Tanga na Same. Kiwanda kilikuwa chetu. Mzigo wa kujazwa ulikuwa wetu. Kisha mfuko wa plastiki ukaja kwa bei rahisi, na mazao yanayodai gunia la nyuzi yakaanza kuwekwa katika magunia ya juti yaliyovuka bahari kutoka Asia. Neno lilikuja na wazee wetu kutoka India, likafanywa Kiswahili, likapewa kiwanda. Leo gunia lenyewe limerudi kuagizwa ng'ambo.

Kuna sura moja ambayo jamii yetu haiwezi kuiruka. Mwezi Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi wa waliojenga maghorofa ya mji huu walikuwa watu wa asili ya India, Wahindu, Waismailia na wengineo, waliojenga kidogo kidogo kutokana na faida ya miaka thelathini: duka chini, familia juu, vyumba vya kupangisha pembeni. Siku moja mwenye nyumba aliamka akiwa mpangaji wa Msajili wa Majumba. Katika miaka michache iliyofuata familia nyingi zilifunga masanduku kwenda Uingereza, Kanada na India. Hatuandiki haya kwa kinyongo. Serikali ilikuwa na hoja yake, na Mchaga wa kawaida aliyepanga chumba hakuwa na la kuomboleza. Lakini atakaye kuelewa kwa nini katikati ya mji majengo mengi yalikaa miaka ishirini bila kupakwa rangi, hana budi kujua kwamba waliokuwa na sababu ya kuyapaka walikuwa wameondoka au wamekata tamaa. Waliobaki walikuwa wachache, wakaendelea kuwasha taa za Diwali katika ukumbi uliokuwa mkubwa kuliko idadi yao.

Watu hupenda kutupima na Arusha. Miji hii iliwahi kulingana, na wazee wetu wengine waliidharau Arusha kuwa kituo cha nyuma. Arusha ilipewa makao makuu ya Jumuiya mwaka 1967, na ilipofufuliwa yakarudi huko. Mahakama ya Rwanda ikakaa huko tangu 1995. Tanzanaiti ya Mirerani ikauzwa huko. Mbuga za Serengeti na Ngorongoro zina mlango wao huko. Uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 1971 katikati ya miji miwili, ukiitwa kwa jina la mlima wetu, lakini abiria wengi wakitoka hukata kushoto kuelekea magharibi. Moshi haikupewa ofisi za dunia. Iliachiwa mlima na mibuni iliyozeeka.

Je, mji unaopoteza viwanda hufa? Ndugu zetu wa Ahmedabad wanaweza kujibu. Mji ule wa Gujarat ulijulikana kwa viwanda vyake vya nguo kiasi cha kuitwa Manchester ya India, na katika miaka ya themanini na tisini viwanda hivyo vilifungwa kimoja baada ya kingine, maelfu wakakosa kazi. Ahmedabad haikufa; iligeukia dawa, kemikali, elimu na ujenzi, ingawa watu wa vitongoji vya viwanda waliumia na wengi hawakuinuka tena. Jinja, nchini Uganda, ilikuwa na bwawa la umeme tangu 1954 na viwanda vingi kando yake. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, mji uliduwaa kwa muda mrefu. Tanga iliumizwa na nyuzi za plastiki zilizoushinda mkonge. Tunaona kwamba mji hupona au haponi kulingana na kitu kilichobaki mkononi siku mabomba yanapozima.

Mkononi mwa Moshi vilibaki vitu vingi kuliko jina lake linavyoonyesha. TPC ilibinafsishwa mwaka 2000, na kiwanda kilichokuwa kikizalisha chini ya nusu ya uwezo wake wa leo kimefikia zaidi ya tani 100,000 za sukari kwa mwaka. Kiwanda cha vinywaji cha Bonite, kilichoanzishwa na marehemu Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, kinajaza chupa kwa maji ya mlima na kuandika Kilimanjaro juu yake. Bia inapikwa hapa. Kule Karanga kiwanda kipya cha ngozi na viatu kilizinduliwa mwaka 2020. Ukivitazama kwa jicho la duka utaona kwamba vingi vya vilivyosimama vinategemea ardhi, maji na jina la mlima huu, na aghalabu vilivyoanguka ni vile vilivyosubiri kipuri na barua kutoka mbali.

Kisha kuna elimu na tiba. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka ule ule wa majengo, na leo wagonjwa huja kutoka mikoa yote ya kaskazini. Chuo cha Ushirika kilichoanza mwaka 1963 sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi tangu 2014. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 184,292 katika Manispaa, na ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 220,000. Mji uliokufa hauongezeki watu namna hiyo. Ila ni kweli kwamba wengi wa walioongezeka ni wanafunzi, wachuuzi, waongoza watalii na madereva wa bodaboda, watu wasio na siti ya kudumu mahali popote. Mshahara wa kiwanda ulimwezesha kijana kukopa bati. Kipato cha mbeba mizigo wa watalii huja na msimu na huondoka na msimu, na sisi wauza bati tunaiona tofauti hiyo kaunta. Hili ndilo jeraha la kweli, nalo halionekani barabarani kwa sababu barabara imefagiliwa.

Na tusiudharau ufagio. Wapo wasemao kwamba usafi ni sifa ya mji usio na la kufanya. Hatukubali. Akina mama wanaofagia kabla ya jua kuchomoza, sheria ndogo inayomtoza faini atupaye taka, wenye maduka wanaomwagilia mbele ya milango yao: hayo yote yaliendelea katika miaka ambayo hapakuwa na sukari wala sabuni madukani. Viwanda vilipozima, watu wa mji huu walishika kile walichoweza kukitawala wenyewe.

Kahawa nayo haijakwisha, ingawa Kilimanjaro si ya kwanza tena. Mikoa ya kusini na Kagera imetupita kwa wingi, na katika miaka ya karibuni minada imesogezwa pia katika kanda hizo. Watafiti wa Lyamungo wametoa miche inayohimili chulebuni na kutu, na baadhi ya majirani zetu wa Uru na Kibosho wameipanda. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vimekuwa vidogo mno, hivyo hatutarajii malori ya zamani. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi baada ya takriban miaka 25. Wengi wetu tulikwenda stesheni kuitazama, wazee wa Kihindu, wa Kiislamu na wa Kikristo pamoja, na bei ya nauli ilijadiliwa kuliko historia.

Kamati inakusanya picha, risiti, kalenda za maduka na vitambulisho vya kazi vya kabla ya mwaka 1990 kwa ajili ya maonyesho yatakayowekwa ukumbini wakati wa maadhimisho. Tunawaomba hasa majirani waliofanya kazi katika viwanda vya magunia, viberiti na ngozi walete walichonacho. Kila kitu kitanakiliwa na kurudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.